Maji ya Chitane: Mbwa katika Njia ya Ruvuma

Katika maneno yetu ya pwani, mbwa hana kao jema. Jina lake ni tusi, mate yake ni najisi, na methali humtaja aghalabu kwa kumfukuza: ukicheza na mbwa, atakufuata msikitini. Asiye na mwenyewe tumemwita mbwa koko, yaani wa vichakani, kana kwamba hakupata kuzaliwa uani mwa mtu. Na bado, kuanzia Mikindani hadi Kilambo, pale watu wanapovukia kwenda Namoto ng'ambo ya Msumbiji, mkulima mwenye shamba la mihogo au mpunga anajua thamani ya sauti inayobweka usiku wa manane. Baina ya tusi na haja hiyo ndimo ilimo historia tunayotaka kuitazama.

Mbwa mmoja wa njia hii ameingia katika maandishi kwa jina lake. Mwezi Machi 1866, David Livingstone alifika mlango wa Ruvuma kwa mara ya tatu, akitokea Unguja kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin. Mikoko na mikondo ya maji ikamkatalia kuteremsha wanyama wake, akarudi kaskazini na kushuka Mikindani. Alikuwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne. Alikuwa na askari wa Kihindi, watu wa Anzwani, vijana wa Kiafrika waliosomeshwa Nasik huko Bara Hindi, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Alikuwamo pia mbwa mdogo wa manyoya ya kujisokota, wa jinsi iitwayo pudeli, jina lake Chitane.

Msafara ulipenya misitu ya Wamakonde kwa mashoka na mapanga, kisha ukaupandisha mto. Ngamia na nyati walikufa mmoja baada ya mmoja, kwa mbung'o na kwa mateso ya waliowaswaga. Chitane aliendelea. Livingstone aliandika kuwa mbwa huyo alijipa usimamizi wa safari nzima: hukimbia mbele akamwona wa kwanza, kisha hurudi nyuma akamhimiza wa mwisho. Wakipiga kambi, huitambua nyumba ya bwana wake, wala hamruhusu mbwa wa kijiji kuisogelea. Na yeye mwenyewe hakuwa mwizi.

Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa la Chimbwe, upana wake kama maili moja. Maji yalifika kiunoni, chini ni tope laini lenye mashimo, na ng'ambo ya pili ruba tele. Livingstone alitangulia bila ya kuagiza mtu ambebe mbwa. Kila mmoja alishughulika na kujizuia asianguke. Walipohesabiana, Chitane hakuwamo: aliogelea mpaka nguvu zikamwisha. Vijana wakapaita mahali pale Maji ya Chitane.

Wahenga wetu walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hiyo husomwa kwa kawaida kuwa ni sifa ya tumaini, kwamba mwenye kuliona lengo hupata nguvu ya kulifikia. Lakini ndani yake limo sharti, nalo ni kuona. Mbwa mfupi, katikati ya maili nzima ya maji, ufuko angeuonea wapi?

Siku tano baadaye lilikuja pigo jingine: watoro wawili wa msafara walikimbia na mzigo uliokuwa na kasha la dawa. Mtu angependa kusema kuwa Chitane angalikuwa hai angalibweka. Sivyo. Mbwa hubwekea mgeni, na hao hawakuwa wageni kwake. Ulinzi wa mbwa una mpaka, na mpaka huo ni uaminifu wa watu wenyewe.

Na tuwatendee haki mbwa wa vijiji ambao Livingstone aliwaona wezi. Mgeni alikuwa yeye, na wao walikuwa kwao. Katika nchi iliyopitwa na misafara ya watumwa, mlio wa mbwa gizani ulikuwa habari ya kwanza kwamba kuna nyayo zinakuja.

Sheria ya dini nayo ilikwisha kuiona haja hii. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, huhesabu mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik hakumhesabu mbwa mwenyewe kuwa najisi. Juu ya tofauti hiyo, mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Qurani, katika Sura ya Pango, yamtaja mbwa wa wale vijana, aliyelala kizingitini amenyoosha miguu yake. Na Hadithi yamsifu mtu aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Basi unajisi ni hukumu ya tohara, si hati ya kumpiga mnyama mawe.

Haja ya mlinzi haikuisha na karne ya Livingstone. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 Tanzania, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumia sana. Watafiti waliochapisha hesabu hiyo mwaka 2005 waliona kuwa nguruwe pori ndiye anayeandaa msiba: huvamia mashamba usiku, mkulima hulala dunguni kumzuia, na simba amfuataye nguruwe humkuta mtu. Aliye dunguni hutaka sikio lililo bora kuliko lake. Sikio hilo ni la mbwa.

Lakini mlinzi huyo aweza kuleta mauti nyumbani. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamdhihirikia mtu, huua karibu kila mara. Toka 2010 hadi 2015 mradi wa kuwachanja mbwa uliendeshwa kusini mashariki mwa Tanzania, Mtwara ikiwamo, na kisiwani Pemba. Pemba maradhi yalikatika mwaka 2014, yakaingia tena 2016, yakakomeshwa tena 2018. Lengo la chanjo ni mbwa saba katika kila kumi. Wala hilo halitimizwi na mwenye kumwogopa mbwa wake. Ni lazima awepo mtu wa kumwita, akaja. Wa kumshika, akatulia. Hapo ndipo usalama unapohitaji usuhuba: mbwa asiyeshikika na mtu hachanjwi, na asiyechanjwa hamlindi yeyote.

Waliompa Chitane ukumbusho walikuwa vijana wa Kiafrika, watembea kwa miguu, wenye mizigo vichwani. Habari yake imetufikia kwa kuwa Chuma, Susi na wenzao, bwana wao alipofariki mwaka 1873, waliubeba mwili wake hadi pwani pamoja na madaftari yake, yakachapishwa 1874. Mbwa hakupata kaburi. Walichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa jina, nalo wakaliacha juu ya maji yaliyomchukua.