Maji ya Mtambo, Samaki wa Nani? Historia ya Uvuvi katika Mabwawa Makubwa, kutoka Lufira hadi Pangani

1. Utangulizi

Historia ya uvuvi katika Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kuyatazama maziwa ya asili: Viktoria, Tanganyika, Nyasa na Mweru. Mabwawa yaliyotengenezwa na binadamu yameachiwa wahandisi na wataalamu wa umeme. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mabwawa nayo yana historia yake ya uvuvi, na kwamba historia hiyo, ijapokuwa ni fupi, hufuata mkondo unaofanana mahali pengi: kwanza neema, kisha upungufu, halafu maisha ya kubahatisha kando ya maji ambayo mvuvi hana kauli juu yake. Upungufu huo mara nyingi umeelezwa kuwa ni matokeo ya ulafi wa wavuvi. Hoja yetu ni kwamba maelezo hayo hayatoshi. Jambo la msingi ni kuwa bwawa halikujengwa kwa ajili ya mvuvi.

Sisi watu wa Maniema ni watu wa mto. Maji ya nchi ya Lubutu huishia katika Lualaba, na mvuvi wa Lualaba, awe Mgenia au mtu wa kabila jingine, amelelewa katika elimu ya maji yaendayo kasi. Anajua majira ya mto kujaa na kupwa, na anajua mahali pa kutega mgono ili mkondo wenyewe umletee samaki. Lakini Lualaba hiyohiyo, kabla haijafika Bukama, Kongolo, Kasongo na Kindu, imezuiwa karibu na Kolwezi kwa ukuta wa Nzilo. Kwa hiyo suala la mabwawa si la wageni; limo ndani ya mto wetu.

2. Bwawa na ziwa

Ni vyema kuanza na istilahi. Kiswahili sanifu hutumia neno moja, bwawa, kwa kidimbwi cha vyura na kwa maji yanayofunika mamia ya kilomita za mraba. Ziwa, kwa fikra za wasemaji wengi, ni maji yaliyokuwapo tangu zamani, yenye mizimu yake na wenyeji wake. Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika ziwa, haki ya kuvua hutokana na ukoo, kijiji na mila. Katika bwawa hapana mila iliyotangulia maji. Ipo mila ya ardhi iliyozama. Mvuvi wa kwanza wa bwawa ni mkulima au mwindaji aliyepoteza shamba, au ni mgeni aliyesikia habari za samaki. Wote wawili huanza pamoja, bila mzee wa kuwaamua.

3. Katanga: shaba kwanza

Bwawa kubwa la zamani katika Katanga ni lile la Mwadingusha, kwenye mto Lufira. Lilijengwa na kampuni tanzu ya Union Minière mahali palipoitwa na Wabelgiji Maporomoko ya Cornet, na kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Shabaha ilikuwa moja: umeme wa kusafishia shaba. Nyuma ya ukuta huo tambarare ya Lufira ilifunikwa na maji mapana yasiyo na kina kirefu, ambayo leo huitwa Ziwa Tshangalele. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukafuata ukuta wa Nzilo kwenye Lualaba, ambao maji yake wakoloni waliyaita Ziwa Delcommune.

Samaki hawakuwamo katika hesabu za wajenzi, lakini walikuja. Miji ya migodi ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi waliohitaji kitoweo, na samaki wakavu au wa kuokwa kwa moshi walikuwa chakula kinachosafirika bila barafu. Hivyo maji yaliyokusanywa kwa ajili ya shaba yakawa pia ghala la mboga ya mfanyakazi wa shaba.

Hata hivyo uhusiano huo ulikuwa na upande mwingine. Maji machafu ya viwanda vya Likasi hushuka kwa mito midogo hadi Lufira, na kutoka huko huingia bwawani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwa ushirikiano na wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kiasi kikubwa cha kobalti na metali nyingine mwilini. Kwa mla samaki wa Tshangalele jambo hili si la kinadharia: kiwanda kilichomletea ziwa ndicho kinachomtilia sumu ziwani.

4. Neema na upungufu: Nyumba ya Mungu

Mfano ulio wazi zaidi wa mkondo tulioutaja unapatikana kaskazini mwa Tanzania. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, chini ya makutano ya mito Kikuletwa na Ruvu, kwa ajili ya kuzuia mafuriko, kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme wa megawati 8. Maji yalipojaa, samaki jamii ya perege waliongezeka kupita matarajio ya wote. Wavuvi na wachuuzi walimiminika kutoka mbali, na vijiji vikaota ukingoni mahali palipokuwa malisho. Mwaka 1970 mavuno yalikadiriwa kufikia karibu tani 28,000. Katikati ya muongo huohuo hayakufika hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho.

Sababu zake zinaeleweka. Maji yanapofunika nchi kavu, majani, mizizi na samadi huoza na kuyarutubisha. Vijimea vya majini huongezeka, na perege hula humo. Tena, samaki wanaowinda wenzao huwa bado ni wachache, na vichaka vilivyozama huwaficha vifaranga. Lakini rutuba hiyo ni akiba inayotumika mara moja; baada ya miaka michache huisha. Wakati huo idadi ya nyavu imekwisha kuongezeka kwa kufuata neema ya jana. Mvuvi, akiona samaki wamepungua, hupunguza tundu la wavu ili apate hata wadogo, na hapo lawama zote humwangukia yeye.

Liko pia jambo la kina cha maji. Perege dume huchimba kiota chake katika maji haba ya ukingoni, na jike hulea mayai kinywani. Kina cha bwawa hakifuati mvua peke yake; hufuata pia mahitaji ya mitambo na mashamba. Maji yakifunguliwa kwa wingi, viota hubaki juu ya tope kavu. Mvuvi aweza kutii sheria zote za nyavu, na bado mazalio yakaharibiwa na mkono asiouona.

5. Kariba na safari ya dagaa

Kariba, kwenye mto Zambezi, inatupa funzo la tatu. Ukuta ulifungwa Desemba 1958, na Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka bonde lao. Miti ya eneo kubwa ilifyekwa kabla ya mafuriko ili nyavu zisipasuke. Kwa Watonga wa upande wa kaskazini mavuno yalipanda hadi mwaka 1963, kisha yakashuka, na wengi wakarudi kwenye jembe.

Hapo wataalamu waliamua kuyapandikiza maji ya katikati, yaliyokuwa karibu matupu. Mwaka 1967 na 1968 walichukua dagaa kutoka Ziwa Tanganyika na kuwatia Kariba. Samaki huyo ni yuleyule aliyekwisha kupandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambaye watu wa Bukavu humwita sambaza na watu wa Zambia humwita kapenta. Uvira na Kalemie hutajwa kwa jina la jumla la ndagala. Mradi ulifanikiwa sana. Lakini dagaa wa maji ya kina huvuliwa usiku, kwa taa, kwa vyombo vikubwa vyenye mashine. Faida kubwa ilikwenda kwa wenye mtaji, na Mtonga aliyepoteza bonde akaajiriwa kama kibarua juu ya maji yaliyofunika makaburi ya wazee wake.

6. Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunaweza kusema mambo mawili. Kwanza, mavuno ya miaka ya mwanzo ya bwawa hayafai kuwa kipimo cha kuwakaribisha walowezi, wala cha kuwahukumu baadaye. Pili, kanuni za nyavu, japo ni za lazima, hazitoshi ikiwa anayefungua na kufunga milango ya maji hatakiwi kumjibu mvuvi.

Suala hili halijapitwa na wakati. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lililopangiwa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na maji mapana kama hayo hayakosi kuwavuta wavuvi. Nchini Kongo nako, kila yanapozungumzwa maporomoko, huzungumzwa megawati. Ni juu ya wanahistoria na wanaisimu wa vyuo vyetu kukusanya sasa, kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili, masimulizi ya wazee wa Tshangalele, Nzilo na kwingineko, ili siku ukuta mwingine utakapochorwa, mvuvi awe amekwisha kuandikwa katika hesabu kabla maji hayajapanda.