Prodyuza msanii

Prodyuza msanii ni mtu aliyeingia kwenye muziki kupitia mitambo ya kurekodia, akawatengenezea wengine midundo na kuwarekodi, kisha akatoa nyimbo kwa sauti na jina lake mwenyewe. Nchini Tanzania njia hii imeshamiri tangu kompyuta ilipoingia studio, ingawa mzizi wake ni mkongwe kuliko studio.

Kabla ya studio

Katika nchi ya Wahaya, kuanzia Maruku na Bukoba hadi Muleba, aliyepiga enanga ndiye aliyeimba. Enanga ni gogo lililochongwa likawa na uvungu. Uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku juu yake mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji hukaa nayo akasimulia tendi ndefu, kama ule wa Rukiza, huku akiyageuza mapigo kufuata kisa. Mkono unaotafuta mlio na kinywa kinachotoa neno ni vya mtu mmoja.

Kazi zatengana

Redio ilizitenga kazi hizo. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki walipiga kwa pamoja, na fundi mitambo alikuwa ng'ambo ya kioo akipima sauti ya kila mmoja. Ustadi wake tunausikia hadi leo katika nyimbo za NUTA Jazz na Mlimani Park, lakini wapenzi wa muziki waliowajua waimbaji kwa majina hawakumjua yeye. Anastahili kukumbukwa pamoja nao.

Miaka ya 1990 zilikuja studio za watu binafsi, zikiwemo MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani. Humo fundi hakungoja tena bendi. Mdundo mzima aliupika mwenyewe, akawa mtunzi mwenza wa Bongo Fleva.

Kutoka kwenye mitambo hadi kwenye maiki

Safari huanza kwa jambo dogo. Msanii amefika na mashairi, kiitikio hana. Prodyuza anaimba sauti ya mfano ili mwenzake ajue pa kuingilia, na pengine sauti hiyo hubaki ndani ya wimbo. Akirudia hivyo kwa miaka, anajifunza mahali pa kuvuta pumzi, neno linalomezwa na ngoma, na umbali wa mdomo na maiki.

Mfano ulio wazi ni Nahreel, yaani Emmanuel Mkono, aliyesoma India. Alijulikana kwa midundo aliyowatengenezea wasanii kama Joh Makini na Vanessa Mdee, na kwa wimbo "Nana" wa Diamond Platnumz na Mr Flavour wa 2015. Wakati huohuo alikuwa akiimba na mwenzake Aika katika Navy Kenzo, kundi lililotamba kwa "Game" (2015), wimbo waliouimba pamoja na Vanessa Mdee, na "Kamatia" (2016).

Faida na hatari

Prodyuza msanii halipii saa za studio, na anaweza kuurudia mstari mmoja usiku kucha. Hatari yake ni kukosa sikio la pili. Mpiga enanga alikuwa na wasikilizaji mbele yake; wakichoka, aliwaona. Anayejirekodi peke yake chumbani anahitaji mtu wa kumwambia "rudia" kabla wimbo haujatoka.