Kumhoji Mtoto Mdogo: Historia ya Swali kutoka Geneva hadi Tanga na Kigobe

Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu namna mtoto anavyouona ulimwengu, alitenga imani halisi ya mtoto na jibu la kubahatisha, pamoja na lile lililochochewa na muulizaji mwenyewe. Onyo hilo lilithibitika mwaka 1980, Hughes na Grieve walipowauliza watoto wa Uingereza wa miaka 5 na 7 maswali yasiyo na maana, mathalani iwapo maziwa ni makubwa kuliko maji. Karibu wote walijibu, tena wakatoa na sababu.

Walioanza kupima bidhaa za watoto walirithi tatizo hilo. Mizani ya nyuso tano iliyobuniwa na Janet Read na wenzake mwaka 2002, kuanzia uso wa huzuni hadi wa furaha tele, ilikusudiwa kumpunguzia mtoto mzigo wa maneno. Lakini wadogo huelekea kuuchagua uso wa furaha kupita zote, hata kwa bidhaa duni.

Mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 2017, programu tano zilijaribiwa kwa vishikwambi na watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170. Iliripotiwa kuwa asilimia 74 hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana dola milioni 10. Kigezo kilikuwa maendeleo katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa alama za mtihani hazielezi ni wapi mtoto alichoka, wala ni picha gani ilimtisha.

Maelezo hayo hupatikana kwa kuuliza tu, na kuuliza kunahitaji lugha. Huko Kigobe, mtaa wa Bujumbura lilipo jumba la Bunge la Burundi, Kirundi ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi; shuleni mtoto hukutana na Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mwenzake wa Buyenzi, katika jiji hilohilo, huenda amekulia katika Kiswahili. Mizani ya Kiingereza ikitafsiriwa, ugumu hujitokeza mara moja: “gukunda” ya Kirundi, sawa na “kupenda” ya Kiswahili, hubeba mapenzi ya mama na ridhaa ya kawaida kwa pamoja. Isitoshe, mtoto aliyefunzwa adabu hakosoi kitu alicholetewa na mgeni, hasa mgeni huyo akiwa bado ameketi mbele yake na daftari mkononi.