Nzi wa Mwamba wa Ukasi

Msomaji ukaaye Nakuru, nenda siku moja wakati wa jioni ukasimame kando ya Mto Njoro, au kijito cho chote kishukacho kutoka Mau, ukatazame juu ya maji penye kivuli. Huenda ukaona kundi la nzi wembamba wakipanda na kushuka hewani, wakienda mbele na kurudi nyuma, mfano wa watu walio katika ngoma. Kwa ajili ya mwendo huo Wazungu wamewaita nzi wachezaji, na wataalamu huiita jamii yao Empididae. Lakini usidanganyike na mchezo wao. Wengi wao ni wawindaji wakali. Katika aina nyingi dume hukamata mdudu mdogo, akampelekea jike kama mahari, na jike akiisha kupokea ndipo akubalipo kuolewa. Wako madume waizungushiao zawadi hiyo nyuzi nyororo zitokazo katika miguu yao ya mbele. Na wako wengine, wajanja kupita kiasi, wapelekao kifurushi kizuri kisicho na kitu ndani.

Sasa ukimkamata mmoja na kuuliza, "Huyu ni nani?" hapo ndipo kazi inapoanza. Jamii hii ina aina zaidi ya 3,000 zilizokwisha kupewa majina, na nyingi zinafanana kama punje za mtama. Mtaalamu humchoma nzi kwa pini, humweka chini ya hadubini, akahesabu vinyweleo vya miguu, akafuata mishipa ya mabawa, na zaidi ya yote akachungua ncha ya tumbo la dume, maana mara nyingi hapo tu ndipo aina mbili zinapoachana. Akiona kwamba hakuna kitabu kilichomtaja, humwandikia maelezo na kumpa jina la maneno mawili kwa desturi ya Linnaeus, yule Mswidi ambaye wanyama wote hutajwa kwa kufuata kitabu chake cha mwaka 1758. Kisha nzi yule huwekwa katika makumbusho awe shahidi wa jina lake. Chini yake hubandikwa kikaratasi chenye mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Kikaratasi hicho ni kidogo sana, lakini mdudu asiye nacho hana historia.

Nimeanza na nzi hawa wa kwenu ili uone kwamba taabu ya kawaida ya mtaalamu ni kufanana. Habari ninayotaka kukupa ni ya taabu iliyo kinyume chake: nzi asiyefanana na mwingine ye yote. Naye hakupatikana katika Bonde la Ufa. Itakupasa uondoke Nakuru uende Nairobi, upite Thika na Mwingi, ushike njia ya Garissa mpaka nchi iwe kavu na yenye miiba. Huko, katika nchi ya Wakamba wa mashariki, kiko kilima kiitwacho Ukasi, na katika kilima hicho uko mwamba mkubwa uliopasuka. Ndani ya ufa wake popo hulala mchana.

Katika mwaka 1933 Meja H. B. Sharpe alipata katika mwamba huo wadudu wa ajabu, nao wakapelekwa London. Mtu asiyejua angesema ni buibui. Walikuwa na miguu mirefu sana, na miguu hiyo, hasa ya madume, ilikuwa imejaa nywele ndefu. Urefu wa mwili ulikuwa kama sentimita moja. Macho yalikuwa madogo mno, jambo geni kwa nzi, ambaye kwa kawaida kichwa chake karibu chote ni macho. Tena mabawa yalikuwa yamepungua hata kubaki kama vijikanda viwili visivyofaa kurukia. Nzi asiyeruka! Hata hivyo aliyewachunguza alikata shauri kwamba ni nzi kweli.

Aliyewachunguza hakuwa mwanafunzi. Ernest Edward Austen alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, na mwaka 1903 alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya mbung'o, kwa kuwa siku zile ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwamaliza watu wa kando ya ziwa la Victoria, na ilikuwa lazima kwanza kuwajua mbung'o kwa majina ndipo kupigana nao. Aina moja ya mbung'o wa pwani yetu, Glossina austeni, imepewa jina lake. Ndiyo aina iliyosumbua ng'ombe wa Unguja mpaka ilipokomeshwa katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliofanywa tasa. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa ameona nzi wa Afrika wa kila namna. Lakini alipofika kwa nzi wa Ukasi hakupata mahali pa kumweka. Mwaka 1936 alitangaza kwamba si aina mpya tu, wala si jenasi mpya tu, bali ni jamii mpya nzima, yenye aina moja peke yake. Akamwita Mormotomyia hirsuta. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, nalo maana yake ni nzi wa kutisha, kwa asili ile ile ya Mormo, zimwi ambalo Wayunani wa kale walitishia watoto wao. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake mwenye nywele nyingi. Mimi naona jina hilo lina chumvi kidogo, kwa maana mdudu mwenyewe hamdhuru mtu. Lakini huenda Austen, akiwa mzee, aliona haki ya kufanya mzaha mmoja.

Angalia sasa jambo moja, msomaji. Katika mwaka 1936 nzi huyu alikuwa na jina, alikuwa na maelezo yaliyochapwa, alikuwa na kikaratasi chake. Kwa sheria za elimu ya wadudu alikuwa amekwisha kujulikana. Lakini mtu angeuliza: anaishije? Anaachaje ufa mmoja kwenda mwingine, ikiwa hawezi kuruka? Wenye hekima walio mbali na Ukasi wangeweza kukisia tu, kwa kutazama maiti zilizokauka. Kwa kuwa popo wana vijinzi wao wanyonyao damu, nao pia huwa na mabawa mafupi au hawana kabisa, ilikuwa rahisi kudhani kwamba huyu naye huwashikilia popo. Kudhani si kuona.

Mwaka 1948 alipatikana tena pale pale, safari hii na van Someren. Nzi hao wapya walimpa mtaalamu mwingine wa London, van Emden, nafasi ya kuandika juu yake mwaka 1950, akitafuta tena ukoo wake. Baada ya hapo, kimya. Watu walikwenda Ukasi wakarudi mikono mitupu. Miaka 62 ikapita. Katika muda huo Kenya ilipata uhuru, na barabara ya Garissa iliendelea kupita karibu na kilima kile kila siku. Sidhani kwamba katika miaka hiyo yote hakuna mchungaji hata mmoja aliyeona mdudu mwenye nywele akitambaa mwambani. Lakini mchungaji hakuulizwa, na aliyeona asipoulizwa, vitabu huandika kwamba hajaonekana.

Wakati huo huo jambo lingine lilikuwa limetokea Nairobi. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, alianzisha kituo kikubwa cha kuchunguza wadudu kijulikanacho kwa kifupi kama icipe, ili elimu ya wadudu wa Afrika ifanywe Afrika. Ni kutoka kituo hicho Robert Copeland, pamoja na Ashley Kirk-Spriggs wa Makumbusho ya Taifa ya Bloemfontein, Afrika Kusini, walipoongoza safari ya kwenda Ukasi mwezi wa Desemba mwaka 2010. Wakamkuta. Mvua zilikuwa zimenyesha, na wakati wa mvua maji huingia katika ufa na kulowesha mavi ya popo yaliyolundikana ndani. Humo katika samadi ya popo ndimo buu wa nzi huyu hukulia. Ndipo ikafahamika jambo ambalo hakuna hadubini ya London ingeweza kulionyesha: kwamba maisha yote ya mdudu huyu yamefungwa na mwamba, popo, na mvua. Popo wakihama, chakula cha watoto wake hukoma. Na fikiri itakuwaje ikiwa siku moja mtu atakuja na baruti kuupasua mwamba ule apate kokoto za kujengea. Hapo hatapotea mdudu mmoja tu. Itakuwa hatarini jamii nzima ambayo Austen alilazimika kuifungulia mlango wake peke yake.

Safari ile ilimaliza pia ubishi wa zamani juu ya ukoo. Waliomchunguza kwa umbo lake hawakupatana. Wako waliomweka karibu na vijinzi wa samadi, na sababu yao haikuwa mbaya, kwa kuwa makazi yake ni samadi. Lakini umbo la mdudu aishiye gizani hudanganya: asiyehitaji macho huyapoteza, asiyehitaji mabawa huyapoteza, hata alama za ukoo zikafutika pamoja nayo. Nzi wabichi wa mwaka 2010 waliwezesha kusoma chembe za urithi, ambazo hazifutiki upesi namna hiyo. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2011, yalimweka katika kundi kubwa liitwalo Ephydroidea. Katika kundi hilo wamo wale vijinzi wadogo wazungukao ndizi zilizoiva sana mezani kwako, na wamo pia nzi wapendao kingo za maji ya chumvi na ya magadi, mahali ambapo wadudu wengine hushindwa kuishi. Zimwi la Ukasi, lenye nywele na lisilo na macho ya maana, ni ndugu wa hao.