Makanisa ya Malawi yaliponyamaza, na yalipopaza sauti pamoja

Kiswahili ndicho utakachosikia sokoni na ibadani Dzaleka, kambi iliyo wilayani Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Tangu mwaka 1994 imepokea Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na leo zaidi ya watu 50,000 wamesongamana mahali palipopangiwa wasiozidi 12,000. Kabla ya hapo Dzaleka ilikuwa gereza. Rais Hastings Kamuzu Banda aliwafungia humo aliowahesabu kuwa maadui zake, wakiwamo Mashahidi wa Yehova, watu wasiogombea cheo chochote.

Kosa lao lilikuwa kadi. Enzi ya chama kimoja kila mtu mzima alitakiwa kununua kadi ya chama cha MCP, na vijana wa chama waliidai sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Mashahidi walikataa, wakisema dini yao haiwaruhusu kujiunga na chama chochote cha siasa. Mwaka 1967 serikali iliwapiga marufuku. Baada ya mkutano mkuu wa chama wa Septemba 1972, wakavamiwa vijijini: nyumba zikachomwa, wanawake wakabakwa, wengine wakauawa. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Zambia na Msumbiji. Waliokuwa Sinda Misale, upande wa Zambia, walirudishwa Desemba mwaka huohuo, na mateso yakaanza upya.

Hapa ndipo panaponiuma. Makanisa makubwa hayakuwatetea hadharani. Yalikuwa na shule, hospitali na mitambo ya kuchapishia. Banda mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland, ambalo ni la Kipresbiteri. Ni kweli kwamba tofauti za mafundisho zilikuwa nzito, na Mashahidi nao hawakuwa na urafiki na madhehebu mengine. Lakini mtu akichomewa nyumba kwa sababu ya dhamiri yake, mjadala wa Utatu unaweza kusubiri. Ukimya ule uliionyesha serikali kwamba waumini wanaweza kushughulikiwa kundi moja moja.

Miaka 20 ikapita. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, barua ya kichungaji ilisomwa katika parokia zote za Kikatoliki nchini. Viongozi saba wa majimbo, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, walikuwa wameitia saini, akiwamo Matthias Chimole wa Lilongwe. Walitaja wazi pengo kati ya matajiri na maskini, shule zilizojaa kupita kiasi, hospitali zisizo na dawa, na hofu ya kusema ukweli. Nakala 16,000 zilichapishwa Balaka kwa siri. Watu waliposikia yanasomwa kanisani mambo waliyoyanong'ona majumbani, wengine walipiga makofi, wengine wakalia.

Serikali ilijibu kwa hasira. Maaskofu waliitwa polisi wakahojiwa kwa saa nyingi. Barua ikatangazwa kuwa ya uchochezi, na kuwa nayo tu kukawa kosa. Katika kikao cha viongozi wa MCP kukasemwa kwamba maaskofu wauawe, na kanda ya maneno hayo ikavuja. Padri John Roche, Mwairishi aliyesimamia jimbo la Mzuzu, akafukuzwa nchini.

Kama Wakatoliki wangeachwa peke yao, naamini yangewakuta yaliyowakuta Mashahidi. Safari hii haikuwa hivyo. Mwezi Juni viongozi wa Kanisa la Presbiteri, hasa wa Sinodi ya Blantyre, pamoja na wajumbe wa jumuiya ya makanisa ya Kireformati duniani, walimwandikia Banda wakitaka mageuzi. Hapo ndipo alipobanwa, kwa kuwa hili lilikuwa kanisa lake mwenyewe. Umoja huo haukuwa mwepesi: Sinodi ya Nkhoma, yenye mizizi katika eneo la kati linalozunguka Lilongwe, nyumbani kwa siasa za Banda, ilisita kuungana na wenzake. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha ilikuwapo kamati ya pamoja, PAC, iliyowakutanisha Wakatoliki, Wapresbiteri na Waanglikana, pamoja na Waislamu, wanasheria na wafanyabiashara, ili kuzungumza na serikali kwa sauti moja.

Katika kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993, zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliukataa utawala wa chama kimoja. Mwezi Mei mwaka uliofuata Banda alishindwa na Bakili Muluzi kwenye uchaguzi.

Marufuku dhidi ya Mashahidi ilikuwa imeondolewa tarehe 12 Agosti 1993, wiki chache tu baada ya kura ile ya maoni. Leo wana makutaniko ya Kiswahili huko Dzaleka, na majirani zao ni Wakatoliki, Wapentekoste na Waadventista kutoka Kivu na Bujumbura, waliokuja kutafuta hifadhi mahali ambapo Mashahidi wa Malawi waliwahi kufungwa kwa sababu ya kadi.