Nani Aliwasikia Wachoma Mkaa?

Pale Ipogolo, chini ya mlima wa kupandia Iringa mjini, malori ya Zambia hayaishi kupita. Siku moja nilikaa na mzee muuza mkaa, tukaliangalia moja likihema kwenda Tunduma.

"Shikamoo mzee. Huko Ndola linakokwenda, watu wa kazi yako waliwahi kuona jambo kubwa, wasiaminiwe."

Akacheka. "Mchoma mkaa nani atamsikiliza, mwanangu?"

Basi msomaji, sikiliza. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iitwayo Albertina ilikuwa inakaribia Ndola, nchi hiyo ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Ndani walikuwemo watu 16, mmojawapo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alitoka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwenda kuonana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga visimame. Tanganyika yetu ilikuwa haijapata uhuru. Ilibaki miezi mitatu kasoro.

Saa sita usiku ilikuwa imeshapita rubani aliposema anaziona taa za uwanja na anashuka. Hakutua. Ndege iliangukia msituni, kama kilometa 15 kutoka uwanjani, na mabaki yakatangazwa kuonekana mchana wa siku ile, baada ya saa kama 15. Mlinzi mmoja, Harold Julien, alikutwa hai. Naye akafa siku chache baadaye.

Sasa, msituni mle walikuwemo wachoma mkaa. Mchoma mkaa halali hovyo, bwana! Tanuri likitoboka, jasho lote linageuka majivu. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani, na moto kabla Albertina haijagusa miti. Tume ya wakoloni ikauweka pembeni ushahidi huo, ikaamua mwaka 1962 kwamba rubani alikosea, akashuka mno. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haikuthubutu kusema hivyo. Ilisema chanzo hakikujulikana.

Ikapita nusu karne. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo jipya, na kiti akapewa nani? Mtanzania! Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu wa wakati huo. Safari hii maneno ya wale mashahidi yalipimwa upya kwa uzito wake. Mwaka 2017 Othman aliandika kuwa yawezekana kabisa shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege. Hiyo haikuwa hukumu. Alieleza pia kwamba zipo serikali ambazo hazikutoa siri zao zote.

Mimi si jaji. Huenda rubani alikosea kweli. Kinachoniuma ni kwamba shahidi alipimwa kwa masizi ya mikononi mwake, halafu dunia ikarudi kumtafuta wakati wenzake wengi wameshazikwa.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, msingoje tume. Nendeni Ipogolo, nendeni Nduli kwenye uwanja wetu wa ndege, kaeni na wazee, mfungue daftari. Nilipomaliza kusimulia, yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi ninayo niliyoyaona."

Nikatoa kalamu.