Ruhusa za faili kwenye serveri: nani anasoma, nani anaandika?

Redio, shule ao shirika linaweza kuwa na ofisi Bukavu ao Bunia, lakini faili za tovuti yake mara nyingi ziko kwenye serveri, yaani ordinatere ya mbali inayofikiwa kwa intaneti. Serveri moja inatumiwa na watu wengi na programu nyingi. Ndiyo maana kila faili, ile wengine wanaita fishie, inabeba ruhusa zake. Utaratibu huo ulitoka kwenye Unix, mufumo ulioanza Marekani mwaka 1969, na Linux inaufuata mpaka leo.

Watu watatu, ruhusa tatu

Serveri inatofautisha mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Kila mumoja anaweza kupewa ruhusa ya kusoma (r), kuandika (w) na kuendesha (x). Kwa dosie, x maana yake ni kuingia ndani.

Mutu akiandika amri `ls -l`, anaona mufano huu: `-rw-r--r--`. Alama ya kwanza inaonyesha kama ni faili ao dosie. Zinazobaki zinasomwa tatu-tatu: mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi kinasoma tu, wengine pia wanasoma tu.

Hesabu yake

Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Zinajumlishwa. Mufano ule wa juu unakuwa 644: 4 na 2 ni 6, halafu 4, halafu 4.

- 644: faili za kawaida za tovuti
- 755: dosie
- 600: mwenyewe peke yake

Namna ya kubadilisha

Kwa amri: `chmod 600 majina.txt`. Asiyezoea amri anaweza kutumia FileZilla: anabonyeza faili kwa upande wa kuume wa panya, anachagua ruhusa za faili, anaandika namba. Ni mwenye faili ao musimamizi mukuu wa serveri tu anayeweza kuzibadilisha.

Hatari ya 777

Tovuti ikikatala kupokea picha, wengi wanakimbilia 777, juu inafanya kazi haraka. Lakini 777 inaruhusu kila mutumiaji wa serveri kuandika, na mwizi akipata njia ya kuingia, anaweza kuweka programu yake humo. Afazali kwanza kuangalia kama faili iko kwa jina la mwenyewe wa kweli.

Jambo lingine: ruhusa peke yake haitoshi. Liste ya majina na namba za simu za watu waliotoa ushuhuda isiwekwe hata kidogo ndani ya dosie ya tovuti, hata ikiwa na 600. Kwenye serveri fulani, programu ya tovuti inafanya kazi kwa jina la mwenye faili, kwa hiyo inaweza kuifungua na kumutumia yeyote anayejua anwani yake. Kwa mikoa yetu, jina moja likionekana pasipofaa, linaweza kumuhatarisha mutu.